Fungu la Hamidi

Hamidi alisubiri nifungiwe ndani ndipo akaja. Miaka sita mashine ile ilisimama kwenye banda la uani kwetu, na katika miaka hiyo yote shemeji yangu hakuigusa ila kuiegemezea baiskeli. Akafariki mume wangu Twalib, nikaingia eda, nikawekwa chumbani nyuma ya pazia, ikasomwa arobaini, na siku mbili baadaye, hata harufu ya ubani haijatoka kwenye kuta, bwana huyo akaja na mnunuzi. Watu wanasema alikuja kutazama mali ya ndugu yake. Mimi nasema alivizia.

Mtu asije akadhani nina ugomvi na eda. Eda ni ya Mungu, nimeikaa kwa moyo mweupe, na Twalib namlilia mpaka leo. Lakini mjane ameambiwa akae nyumbani kwake. Hakuambiwa awe bubu, wala watu hawakuambiwa wapite kumpangia mali yake akiwa amekaa. Hayo ya ububu waliyaongeza watu wa mtaa wetu wa Majengo wenyewe, na ukiwauliza wameyasoma kitabu gani wanakutazama kama umewatukania mama.

Niielezee mashine, maana ugomvi wote ni juu yake. Ni mashine ya keekee, ya kutobolea vyuma, si ile ya kushika mkononi bali ya kusimama chini, na kwa kimo inanipita. Chini ina kitako cha chuma cha kalibu, kizito ajabu. Juu ya kitako ipo nguzo, nayo ya chuma, na kwenye nguzo ipo meza ndogo ya kuwekea kazi. Juu kabisa ndipo penye kichwa, chenye gia, mhimili wa kuzungusha keekee, na gurudumu kubwa la kusukumwa kwa mkono. Umeme haitaki, na ilikuwa heri, kwa sababu umeme sisi tuliuona ukipita juu ya barabara kwenda kwa wengine.

Twalib aliikuta mwaka wa hamsini kwenye yadi ya vyuma chakavu karibu na Landi Mawe, imelala ubavu kwenye matope, gurudumu limekwama, kutu imeila mpaka jina la kiwandani halisomeki. Alikuwa kibarua wa karakana moja huko mjini, kazi yake kuwashikia mafundi taa, na hamu ya kuwa na mashine yake mwenyewe ilimkaa rohoni kama ugonjwa. Vijana wanne waliileta kwa mkokoteni. Bi Mgeni, shangazi yake Twalib na ndiye mwenye nyumba tuliyopanga, aliitazama, akatema tambuu, akauliza kama tumeleta mashine au jeneza la Mzungu.

Kisha ukaanza uongo. Majengo nzima, Shauri Moyo, mpaka Ziwani, wanasema Twalib aliifufua mashine ile. Aliifufua na nani? Twalib alikuwa akitoka alfajiri na kurudi magharibi, amechoka hoi. Mchana kutwa nani alikuwa bandani? Nani aliyezilowesha gia kwenye mafuta ya taa ndani ya sufuria ya pilau, ile kubwa ya shughuli, ambayo tangu siku hiyo haikurudi jikoni? Nani aliyesugua nguzo kwa msasa na majivu, shubiri kwa shubiri, miezi mitatu, mpaka vidole vikachubuka na jirani wakaniuliza kama Twalib ananipiga?

Na ile shida ya mkia je? Keekee, ile ncha inayotoboa, inashikwa na mdomo wa chuma, na mdomo huo una mkia uliochongwa ukawa mwembamba kwa juu, unaoingia kwenye tundu la mhimili lenye umbo lile lile. Hakuna skurubu, hakuna pini. Vinashikana kwa kubanana tu. Sasa tundu la kwetu lilikuwa limechunika ndani, mkia ukawa unacheza, na Twalib akakaa wiki mbili hajui ni wapi panapogusa na ni wapi pasipogusa. Mimi nikachukua buluu ya kufulia nguo, nikaisaga, nikaichanganya na mafuta ya nazi, nikaupaka mkia wote kiasi cha ukungu, nikauingiza na kuuzungusha. Penye mwinuko ndani ya tundu pakatoka na buluu. Nikapasugua hapo tu kwa kijiti kilichoviringwa msasa, nikapaka tena, nikasugua tena. Siku tisa. Siku ya kumi buluu ilienea tundu zima na mkia ukakamata.

Twalib alikwenda kuwaeleza mafundi wa karakana ile habari ya buluu, wakampigia makofi. Akarudi nyumbani anacheka, akanieleza walivyompigia makofi. Nilimpenda sana mume wangu, lakini makofi yale nimemwekea mpaka kesho.

Mashine yenyewe ni kazi ya watu wawili. Mmoja anazungusha gurudumu, wa pili anashusha keekee na kuisikiliza, maana chuma kikikaribia kutoboka sauti hubadilika na usipolegeza mkono keekee inakatika. Mwanzo mimi nilizungusha, yeye akashusha. Kifua chake kilipoanza kuharibika, mkono ukawa hautulii, basi nikashusha mimi, na binti yetu Lela akazungusha. Miaka miwili ya mwisho Twalib alikaa kwenye kiti mlangoni mwa banda, amejifunika koti, akiwapokea wateja. Watengeneza vitanda, wenye mikokoteni, wenye majiko, wote walikuja na vyuma vyao, wakaona mimi nimepinda mgongo mezani, jasho linanitiririka, na wakitoka wanamwambia yeye: Fundi, Mungu akupe nguvu. Naye anaitikia amina.

Haya. Siku hiyo ya arobaini na mbili.

Kwanza nianze na siku moja kabla yake. Nikiwa chumbani nilimsikia Hamidi bandani, anagongagonga, anapiga mluzi. Nikamtuma Lela akamwangalie. Lela alirudi kusema baba mdogo ana kopo zima la grisi, anaipaka mashine. Sikujali. Nilidhani labda huzuni imempata, anatafuta cha kumfanyia ndugu yake. Ndivyo nilivyokuwa mjinga wakati ule. Hamidi ni dalali, hajapata kukipaka mafuta kitu asichokusudia kukiuza.

Asubuhi yake akaja na mtu. Niliwasikia wakiingia kwa mlango wa nyuma, na Bi Mgeni, ambaye alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni mwangu mchana kutwa kuilinda eda yangu, akapitisha kichwa kwenye pazia.

"Ni Caleb Okoth, yule Mjaluo fundi bomba wa manispaa," alininong'oneza. "Anakaa Ziwani. Anataka kuacha mabomba aanze vitanda vya chuma."

"Hapa anatafuta nini?"

"Amekuja kununua mashine."

"Mashine ya nani?"

Bi Mgeni akarudisha kichwa chake nje.

Nilisimama nyuma ya pazia. Jambo lenyewe halikuwa na fumbo. Sikuwa na duka, sikuwa na shamba, sikuwa na mwana wa kiume mwenye mshahara. Mashine ikikaa, mimi na Lela tunakula kwa mikono yetu. Mashine ikitoka, tunakula kwa mkono wa Hamidi, na Hamidi alikuwa ameshaichukua baiskeli ya Twalib siku ya tatu ya msiba, eti ameiazima, na redio siku ya saba, eti isije ikaharibika kwa kukaa bure. Nilikwisha kuujua mkono huo jinsi unavyofanya kazi.

"Hii ndiyo mashine ya marehemu kaka yangu," Hamidi alikuwa akisema huko bandani, kwa sauti ya mtu anayenadi. "Ya Ulaya kabisa. Nimeitunza mwenyewe. Ona ilivyolainika, kila pahali nimeipaka grisi, hakuna pahali nimeacha."

Niliposikia hakuna pahali ameacha, nikalisogelea pazia na kutega sikio.

Caleb alikuwa amekuja na kipande cha bamba ajaribie. Nikasikia gurudumu likianza, gia zikaamka na mlio wao ninaoujua kuliko sauti ya mwanangu, keekee ikagusa chuma, ikalia kidogo, kisha ikaacha kulia. Gurudumu linazunguka, lakini keekee haili. Halafu pu! Kitu kizito kikadondoka juu ya meza.

Nilijua pale pale. Mdomo umechomoka. Bwana yule alikuwa amepaka grisi mpaka kwenye mkia na ndani ya tundu lake. Mashine nzima inataka mafuta, kila gia, kila kikombe cha kutilia mafuta, isipokuwa sehemu moja hiyo, ambayo lazima iwe kavu kama unga, na hiyo moja ndiyo aliyoitia grisi kwa bidii kuliko zote. Mtu aliyekaa na mashine siku moja angelijua hilo.

Wakaurudisha, ukadondoka tena. Wakaurudisha mara ya tatu.

"Bwana Hamidi," Caleb akasema, "hii mashine iko mgonjwa."

"Haina ugonjwa. Ni uzee tu wa hapa mdomoni."

"Kama mdomo haishiki, mimi nitatoboa na nini? Hii ni chuma ya kuuza kwa ratili. Mimi naweza kununua kwa ratili, basi."

Hamidi, kwa ile sauti yake ya kununa, akasema wataona.

Nami nyuma ya pazia nikapata wazo, na silionei haya. Nilijiambia: Shamsia, nyamaza. Mashine ikionekana imekufa, Caleb ataondoka zake. Hamidi atasusa. Kesho kutwa Lela atamwambia baba mdogo, tuachie tu hicho chuma tukumbukie baba, naye atakiacha, kwa sababu kisichouzika kwake si kitu. Nikiosha grisi, nimerudi kwenye kazi yangu. Kilichotakiwa kwangu kilikuwa kimoja tu, kile kile walichokitaka watu wote: ninyamaze. Kwa mara ya kwanza ububu wao ungenifaa.

Nikaubana mdomo wangu kwa kanga. Hakika ningeweza kunyamaza mpaka jioni.

Lakini nikamsikia Hamidi akiita, "Lela! Niletee ile nyundo kubwa ya kupasulia makaa."

"Ya nini, baba mdogo?"

"Tuupigilie huu mdomo uingie mpaka ndani. Ukishaingia kwa nguvu hautoki."

"Baba hakuwa akiupiga kwa nyundo."

"Baba yako amekufa. Lete nyundo."

Wasomaji mnaojua vyuma mtanielewa, na msiojua niaminini. Ukiupiga mdomo ule kwa nyundo ya chuma, meno yake yanayoikamata keekee yanapinda, na mhimili nao unapinda, na mhimili ukipinda kiasi cha unywele tu kila tundu utakalotoboa maisha yako yote litakuwa la upande. Hauponi. Hakuna buluu ya kuuponya. Siku zangu tisa na miezi yangu mitatu na sufuria yangu ya pilau, vyote vingekwisha kwa nyundo ya makaa mkononi mwa dalali.

Pigo la kwanza, la kujaribia tu, lilipotua, niliruka kana kwamba limetua kwenye goti langu.

"Weka nyundo chini!"

Sauti ilinitoka nzito, hata mimi sikuitambua. Mpangaji mmoja mwanamume aliyekuwa akifua uani aliacha kufua.

"Mwanangu," Bi Mgeni akasema, "sauti. Wanaume hao."

"Nimewasikia kuwa ni wanaume. Lela! Mnyang'anye nyundo baba yako mdogo. Kamata maji moto na sabuni ya mche. Osha mkia, osha ndani ya tundu kwa kitambaa kilichoviringwa kwenye kijiti, ukaushe kwa kanga kuukuu mpaka kanga itoke safi. Isiguse mafuta tena. Nawa na mikono yako kwanza."

"Shemeji," Hamidi akaita, kwa upole ule wa kuwaonyesha wageni, "wewe uko eda. Haya ni mambo ya bandani."

"Umetia grisi kwenye mkia, Hamidi. Hata paka wa Bi Mgeni anajua mkia haupakwi grisi. Lela, ukishakauka uingize kwa mkono, meno yarudi ndani yote, uweke kipande cha mbao mezani, halafu ushushe mhimili ugonge mbao mara moja. Mara moja tu."

Ilichukua kitambo. Nilisikiliza kila hatua. Nikasikia mbao ikigongwa mara moja, kavu, ule mlio wa kitu kilichokamata, na machozi yakanitoka kwa hasira na kwa raha pamoja. Kisha keekee ikarudishwa mdomoni, Caleb akazungusha gurudumu, Lela akashusha. Keekee ikaanza kula. Nilijua kwa mlio wake kwamba vipande vinatoka virefu vimejisokota, kama maganda ya chungwa. Chuma kilipokaribia kutoboka Lela akalegeza mkono pale pale ambapo ningelegeza mimi.

"Lo!" Caleb akasema. "Ona tundu! Hii mashine iko mzuri kabisa." Kisha akasema yale yaliyonimaliza. "Mzee Twalib alikuwa fundi kweli kweli. Amekufa, lakini ona vile amefundisha watu wake."

Niliuma kanga. Mtu mwema yule, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini nimeiosha mashine, nimeiponya, nimeitibu sasa hivi mbele ya masikio yake, kwa sauti yangu, na shukrani inakwenda makaburini.

Na Hamidi? Hamidi alikuwa anasugua viganja. "Umeona? Si nilikwambia haina ugonjwa? Basi bei ya ratili tuisahau. Turudi kwenye ile bei yetu ya kwanza, nawe ulete mkokoteni leo leo."

Ndiyo hivyo. Nilikuwa nimeinusuru mashine ili aiuze kwa bei nzuri zaidi. Ningenyamaza ingevunjika, nimesema inauzwa.

"Hamidi," nikaita, "unauza mali ya nani?"

"Ya kaka yangu."

"Kaka yako hana tena mali. Kaka yako ana wafiwa."

"Nami ni mfiwa. Shemeji, tusiaibishane mbele ya mgeni. Mimi ndiye mwanamume aliyebaki. Nikiuza, nitawapa kitu, siwezi kuwaacha hivi hivi."

"Utatupa kitu? Shangazi, hebu nisaidie. Wewe umezika waume wawili na kugawiwa mara mbili. Akifa mtu akiacha mke, binti mmoja na ndugu mmoja wa kiume, wanagawanaje?"

Nilimsikia Bi Mgeni akihamisha tambuu toka shavu hili kwenda lile. Alikuwa shangazi yake Hamidi vilevile, na nilijua nimemweka pabaya. Lakini mafungu ni kitu ambacho mwanamke mwenye nyumba yake Majengo hakisahau.

"Mafungu ishirini na manne," akasema polepole. "Mke matatu. Binti kumi na mawili. Ndugu tisa. Hivyo ndivyo alivyosema sheikh aliponigawia, na hivyo ndivyo ilivyo."

"Umesikia, Hamidi? Tisa. Sisi tuna kumi na matano. Unauza kumi na matano ya nani?"

Caleb akasafisha koo. "Bwana Hamidi, wewe hukuniambia kuna wengine."

Hapo Hamidi akakasirika, na hasira ya dalali ni mbaya kwa sababu hutangulia akili yake. "Haya!" akapiga kelele. "Kama ni mafungu, iwe mafungu! Sisubiri eda iishe, sisubiri kadhi, sisubiri mtu. Kila mtu achukue fungu lake sasa hivi, nami nichukue langu niliuze ninavyotaka. Mashahidi si hawa? Bi Mgeni yupo, Caleb yupo!"

"Lela, umeridhika?" nikauliza.

"Nimeridhika, mama."

"Nami nimeridhika," nikasema. "Mashahidi, mmesikia alivyotaka mwenyewe."

Nikajitanda buibui, nikajifunika uso mpaka machoni, nikalisogeza pazia nikatoka. Bi Mgeni alinyoosha mkono kunizuia, kisha akaurudisha. Ua ni ndani ya nyumba yangu, sikuvuka kizingiti cha mtu. Mpangaji aliyekuwa akifua akageukia ukuta. Nikapita katikati yao mpaka bandani, nikaichukua spana kubwa kwenye msumari wake, na Hamidi akanitazama kama mtu anayemwona maiti akijitafutia sanda.

"Unafanya nini?"

"Nagawa."

Nilianza na gurudumu. Kisha bolti nne zinazoshika kichwa kwenye nguzo. Nazijua bolti hizo. Mbili za kulia hukaza kuliko za kushoto na zinataka kugongwa kidogo kabla ya kufunguliwa. Lela alishika upande mmoja wa kichwa. Upande wa pili ulikuwa mzito, tukawa tunayumba, na Caleb Okoth, bila kuulizwa, akakunja mikono ya shati akaja kupokea. Tukakilaza kichwa kwenye jamvi na mhimili wake na gia zake na mdomo wake. Kisha nikailegeza meza, nikaivua kwenye nguzo, nikaiweka kando ya kichwa.

Pale bandani pakabaki kitako na nguzo iliyosimama juu yake, vitupu, kama mwembe uliokatwa matawi.

"Hilo ni lako," nikamwambia.

"Hili ni nini?"

"Ni fungu lako. Ulitaka tisa katika ishirini na manne. Hapo kwa uzito pana zaidi ya nusu ya mashine. Nimekuzidishia. Sitaki kesho useme mjane amekupunja."

Hamidi alimgeukia Caleb. Ile sura ya kunadi ilijaribu kurudi usoni, ikashindwa. "Basi wewe nunua hii, kisha na wao utawanunulia..."

"Bwana Hamidi," Caleb akasema, "mimi nitafanya nini na mti ya chuma?" Halafu akanigeukia mimi. Hakunitazama usoni, aliinamisha macho chini kwa heshima, lakini alinigeukia mimi. "Mama, hiyo kichwa unauza?"

"Siuzi."

"Bila kitako utafanyaje kazi?"

"Kichwa hiki kina mashimo manne mgongoni. Nguzo yoyote imara inatosha, na chumbani kwangu ipo nguzo ya boriti inayobeba paa la Bi Mgeni. Lete vyuma vyako vya vitanda, mimi na binti yangu tutavitoboa."

"Nitaleta," akasema. "Sasa ninajua nitaleta kwa nani."

Hamidi alikuwa amekishika kitako kwa mikono miwili, anajaribu kukitikisa. Hakikutikisika. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na grisi yake mwenyewe ilikuwa imempaka kanzu kifuani.

"Umenidhulumu, shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa karibu kulia. "Umenidhulumu mchana kweupe. Nitakwenda kwa kadhi."

"Nenda. Mimi siwezi kutoka, niko eda, kwa hiyo mwambie aje yeye. Nitamweleza ulivyokuja na mnunuzi siku ya arobaini na mbili. Na ukija njoo na baiskeli na redio, maana navyo bado hatujavigawa."

Akamtazama Bi Mgeni, akitafuta mtu wa kumtetea. Bi Mgeni alikuwa anachagua tambuu kwenye kijaluba chake.

"Mwanangu Hamidi," akasema bila kuinua kichwa, "hicho kitu chako kiko katika banda langu. Kesho asubuhi nisikikute."

"Nitakibebaje peke yangu?" akalalamika. "Kinataka watu wanne!"

Miaka sita nilikuwa nimenyamaza mbele ya kila aliyempa Twalib mkono nami nimesimama hapo hapo nimelowa jasho. Sikunyamaza tena.

"Mashine hii imenywa jasho langu, na la Lela, na la kaka yako, Mungu amrehemu," nikamwambia. "Lako haijalionja hata tone. Inama, Hamidi. Beba."

Nikarudi chumbani kwangu kukaa eda. Nje nilimsikia akiinama.